Kiwiko kilichomoka, hogo limetolewa: ninunue sapoti gani hapa Mtwara?

BodaChuno
Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa anayejua, hasa mlioko Mtwara na Lindi.

Niliteleza na pikipiki njia ya Mikindani, pale mchanga unapoingia kwenye lami, nikajikinga kwa mkono wa kulia. Kiwiko kikachomoka. Hospitali wakakirudisha, wakapiga picha, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, wakanifunga hogo. Limeshatolewa. Tatizo mkono haunyooki wote. Nikikamata mkono wa mafuta muda mrefu, maumivu yanaanzia kwenye kinundu cha nje cha kiwiko yanashuka hadi kifundoni. Alfajiri naamka kidole kidogo kina ganzi.

Nimezunguka maduka ya dawa mjini nimeonyeshwa vitu vitatu. Kuna soksi nene ya kuvuta, kuna kamkanda kafupi kenye kinundu cha mpira ndani, na kuna kifaa kirefu chenye vyuma pembeni na bawaba. Muuzaji mmoja anasema chenye vyuma ndiyo dawa, mwingine anasema soksi inatosha. Bei zimepishana mno. Kipi kitanirudisha barabarani? Msimu wa korosho unakuja na abiria wa kwenda na kurudi mnadani ndio wanaotulisha mwaka mzima.

Mwana Nachingwea
Pole sana mkuu. Chukua chenye vyuma, usijadili. Mjomba wangu aliumia kiwiko akipakia magunia ghalani, akavaa hicho cha bawaba, leo anapakia kama kawaida. Soksi ni ya wachezaji.

Bint Shangani
@Mwana Nachingwea mjomba alivunjika au kilichomoka? Na alijinunulia au alipewa?

Mwana Nachingwea
Alivunjika. Alipewa MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar. Lakini kifaa ni hichohicho.

Fizio wa Kusini
Pole BodaChuno. Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba, ngoja nieleze kwa kirefu maana hapa watu wengi wanapoteza hela.

Hivyo vitu vitatu vinafanya kazi tatu tofauti kabisa. Cha bawaba kina kidude cha kuzungusha pembeni chenye namba za nyuzi, sifuri ikiwa ni mkono ulionyooka kabisa. Daktari anakifunga, kwa mfano, mkono usinyooke kupita nyuzi 30, kwa sababu kiwiko kilichochomoka mara nyingi hulegea zaidi kinaponyooka kabisa. Kisha anafungua kidogokidogo kadiri kiungo kinavyokaza. Ukikinunua mwenyewe ukakifunga kwa kukisia, unajifungia mkono ambao tayari haunyooki. Mjomba wa Mwana Nachingwea alisimamiwa. Hiyo ndiyo tofauti.

Soksi inabana uvimbe kidogo, inatia joto na inakukumbusha usiutupe mkono ovyo. Haizuii kiungo kutoka. Kamkanda ni kwa ajili ya kano za nje ya kiwiko, zile zinazonyanyua kiganja. Kanapunguza mvuto pale kano ilipojishika kwenye mfupa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipi, tuulize kinachouma ni nini. Nijibu haya: ukinyanyua kiti kwa mkono mmoja kiganja kikitazama chini, inauma nje? Ukigonga taratibu nyuma ya kile kinundu cha ndani, kuna kitu kama shoti kinakwenda kidole kidogo? Ukisukuma kiti kwa mikono miwili ili usimame, unahisi kama kiungo kinateleza?

Na hogo lilikaa muda gani? Kiwiko hakipendi kufungwa. Kilichochomoka bila kuvunjika kikikaa zaidi ya wiki tatu ndani ya hogo, kukakamaa ni karibu lazima.

Mchonga Mpingo
Nakazia kamkanda. Mimi nachonga vinyago, tezo na mpingo kila siku, na mpingo haupokei pigo, unalirudisha lote mkononi. Kiwiko cha nje kiliniwaka hadi nikawa nashindwa kukamua kitambaa. Kamkanda ndiko kalikonirudisha kazini.

Ila angalieni pa kukafunga. Watu wanakafunga juu ya mfupa unaouma, hapo hakana kazi. Tafuta kinundu cha nje, weka vidole viwili au vitatu kushuka kuelekea kiganja, utaguswa na nyama inayocheza ukikunja ngumi. Ule mpira ukae juu ya nyama hiyo. Kaza huku mkono umelegea, kisha kunja ngumi usikie kama unabana. Ukimaliza kazi vua. Usilale nako.

Mzee wa Newala
Wajukuu, habari. Vifaa vyote hivyo ni vya juzi. Kiwiko kilichokakamaa kinakandwa. Maji ya moto, mafuta ya nazi, na mtu mwenye mkono wa kazi. Mlango uliofungwa mwaka mzima hautafunguka kwa kuutundikia pambo, unausukuma. Kwetu kuna watu wanarudisha mikono ya walioanguka kwenye mikorosho tangu hakujawa na hospitali karibu.

Nesi Mstaafu Masasi
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hapa lazima nisimame.

Kiwiko ni kiungo kibaya cha kukandwa kwa nguvu baada ya ajali. Msuli wa mbele ya kiwiko uliochanika, ukisukumwa na kuvutwa, unaweza kuota mfupa ndani yake. Ndiyo, mfupa kabisa, kwenye nyama. Nimewaona vijana wanaletwa mkono umeganda umekunjwa, ukigusa mbele ya kiwiko unakuta kitu kigumu. Tena picha ya siku ya ajali haikuonyeshi, maana mfupa huo huonekana wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo BodaChuno, kama mkono ulikuwa unanyooka ukaanza kurudi nyuma, piga picha nyingine kabla ya mtu yeyote kukushika.

Na jambo jingine, kwa akina mama mnaosoma: mtoto akianguka kwenye mwembe au mkorosho akavimba kiwiko, msitafute sapoti wala mtu wa kukanda wala vipande vya mianzi. Kwa watoto mfupa wa juu ya kiwiko ndio unaovunjika mara nyingi, na mshipa mkubwa wa damu unapita hapohapo mbele. Kuna mtoto wa jirani alifungwa mianzi kwa kukazwa, vidole vikawa baridi, analia usiku kucha, wakadhani ni maumivu ya kawaida. Leo kiganja chake kimejikunja hakifunguki. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliuandika ulemavu huo mwaka 1881, na sababu haijabadilika: mkono kubanwa, damu isipite. Vidole baridi, ganzi, maumivu yanayozidi ukinyoosha kidole: fungua kila kitu, kimbia hospitali muda huohuo.

Mzee wa Newala
Marahaba mwanangu. La mtoto nakubali mia kwa mia, sina neno. Lakini usituweke wote kapu moja. Aliyenikanda mimi hakunivuta hata siku moja. Alikuwa ananipaka mafuta, ananiambia kunja mwenyewe mpaka unaposikia, shika hapo, rudi. Kila asubuhi. Mkono ukanyooka.

Fizio wa Kusini
@Mzee wa Newala huyo alikufanyisha mazoezi tiba bila koti jeupe, mzee wangu. Mgonjwa anaukunja mwenyewe, anaishia anaposikia maumivu, anarudia kila siku. Hilo sina ubishi nalo. Ninachopinga mimi na Nesi ni mtu wa pili kuukamata mkono na kuulazimisha.

Ruangwa Damu
Golikipa wetu wa kijijini anavaa soksi mikono yote miwili, hajawahi kulalamika. Ila nyie wa Mtwara mjini mkianguka na pikipiki mnataka vyuma, sisi tunaoanguka kwenye kokoto za Ruangwa tunajipangusa tunaendelea.

Bint Shangani
@Ruangwa Damu subiri timu yenu ya Namungo wafungwe ndiyo tutajua nani analia kwa maumivu 😂

Ruangwa Damu
Umenipata hapo. Lakini seriasi, BodaChuno, soksi ya ule mpira mnene mweusi uiangalie vizuri. Joto la pwani hii ukivaa kutwa, jasho linakaa ndani, mkono unatoka vipele na harufu. Kaka yangu anafua yake kila jioni kwa sabuni ya kipande, anaanika kivulini, maana jua linaiharibu mpira. Kuna za kitambaa cha kufuma, hizo zinapitisha hewa. Nyembamba lakini utazivaa. Ile nene utaivua saa nne asubuhi.

BodaChuno
Asanteni sana wote. @Fizio wa Kusini majibu haya: kiti nimenyanyua, inauma nje, ndiyo. Kugonga ndani kunaleta shoti kidogo hadi kidole kidogo na nusu ya cha pete. Kusukuma kiti nisimame, hapo sijui niseme nini, siyo maumivu sana, ila nasikia kama mkono hauniamini. Nikajikuta nasimama kwa mkono wa kushoto.

Hogo lilikaa zaidi ya wiki nne. Niliambiwa nirudi tarehe fulani, nikafika nikaambiwa anayehusika hayupo.

Mwana Nachingwea
Basi yote matatu! Vaa soksi, juu yake kamkanda, juu yake vyuma 😂

Tabibu Kijana
Hapana, hebu tutulie. Hilo la kiti linanishtua kuliko yote.

Kiwiko kinapochomoka, ukano wa upande wa nje unaoshika mfupa na mfupa mara nyingi huchanika. Usipopona vizuri, kiungo kinabaki kinateleza kidogo kila unapojisukuma kwa kiganja. O'Driscoll na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, ndio walioieleza hali hii vizuri mwaka 1991. Mgonjwa husema maneno kama yako: mkono hauniamini. Na maumivu yanakaa nje, palepale pa kano za kunyanyulia kiganja, kwa hiyo ni rahisi mtu kukuuzia kamkanda ukakaa nako miezi, na tatizo ni la kiungo kulegea. Kamkanda hakashiki kiungo.

Hapo ndipo cha bawaba kina maana, kikipimwa na mtu. Namtetea Mwana Nachingwea kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu.

Mwana Nachingwea
Mmesikia wakuu. Naweka alama.

Fizio wa Kusini
@Tabibu Kijana naheshimu, ila mkono uliokakamaa na wenyewe unakufanya usiuamini, hasa baada ya kuanguka. Mtu anaogopa. Misuli imesinyaa ndani ya hogo zaidi ya wiki nne, atawezaje kusukuma mwili wote? Kwangu mimi kukakamaa na udhaifu vinaeleza karibu kila kitu hapa, na kano za nje zimechokozwa kwa sababu zinafanya kazi ya misuli isiyokuwepo. Ukimwekea chuma unamwongezea ukakamavu.

Halafu jamani, asitishwe na kutonyooka kabisa. Kuna kazi ya Morrey na wenzake ya mwaka 1981, walipima watu wakila, wakivaa, wakifungua mlango. Shughuli nyingi za nyumbani zinahitaji kiwiko kitembee kati ya nyuzi 30 na 130 tu. Anayefika hapo anaishi vizuri. Swali ni anafika?

Nesi Mstaafu Masasi
Na mimi bado nasema picha mpya kwanza. Nyinyi wawili mnabishana juu ya mkono ambao hakuna aliyeutazama. Pamoja na mfupa kuota, kuna ufa mdogo kwenye kichwa cha mfupa ule wa upande wa dole gumba. Huwa haujionyeshi picha ya kwanza. Mwanangu, ukifungua kitasa au kuzungusha ufunguo, inauma?

BodaChuno
Ufunguo inauma mama, lakini kidogo.

Gereji Magomeni
Mimi siyo wa hospitali, ni fundi pikipiki. Tazameni mkao wa mkono wake kwenye pikipiki jamani. Pikipiki nyingi zikitoka dukani wenzo wa breki ya mbele umefungwa juu sana. Dereva anakaa kutwa kiganja kimenyanyuliwa nyuma, vidole viwili juu ya breki, huku anasokota mafuta. Hizo ni nyama zilezile alizosema mchonga vinyago.

Legeza bolti mbili za kile kishikio cha breki, kaa kwenye pikipiki kama unavyoendesha, nyoosha vidole mkono ukiwa umelala sawa na kigasha, zungusha wenzo ushuke ukutane na vidole, kaza. Ni kazi ya dakika chache, nakufanyia bure ukipita. Pia angalia zile raba za mkono. Zikiisha, mtikisiko wote unaingia kiwikoni. Wateja wangu kadhaa waliacha kushika mkono wao wakilalamika baada ya hilo tu.

Mchonga Mpingo
Fundi umeongea kitu kikubwa. Mimi pia nilinenepesha mpini wa tezo kwa kuufunga raba ya tairi. Ukikamata kitu chembamba unakaza zaidi.

Mama Kubangua
Wapendwa na mimi nipo. Nimebangua korosho kiwandani miaka mingi, ile mashine ya mkono na mguu, unavuta wenzo kutwa. Kiwiko cha kulia nje kinauma tangu msimu uliopita, sijaanguka popote. Nilichomwa sindano kwenye kiwiko, nikapona kabisa, nikasema ahsante Mungu. Sasa kimerudi vibaya kuliko mwanzo. Nichome tena?

Fizio wa Kusini
Pole mama yangu. Usikimbilie sindano ya pili kabla ya kuongea na daktari. Kuna utafiti wa Brisbane, Australia, uliotoka mwaka 2006, watu 198 wenye tatizo kama lako. Wengine walichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kupoza uvimbe, wengine walifanyiwa mazoezi tiba, wengine walisubiri tu wakipewa ushauri. Wiki ya sita waliochomwa walikuwa wazuri kuliko wote. Baada ya hapo wengi wao maumivu yalirudi, na mwaka ulipofika waliofanya mazoezi, hata waliosubiri, walikuwa wamewapita. Yaliyokupata wewe ni hayohayo.

Kwako wewe kamkanda ka Mchonga Mpingo kanaweza kusaidia wakati wa kazi. Pamoja na hilo, chukua chupa ya maji ya nusu lita, laza kigasha mezani kiganja kitazame chini na kining'inie ukingoni. Nyanyua kiganja kwa kusaidiwa na mkono mwingine, kisha kiteremshe chenyewe taratibu sana. Maumivu madogo yanaruhusiwa, makali punguza maji. Ni jambo la miezi, siyo la wiki.

Mama Kubangua
Ahsante mwanangu. Na kamkanda kanauzwa wapi huku Lindi?

Bint Shangani
Mama, ulizia maduka makubwa ya dawa mjini, na ukikosa basi watu wanaagiza Dar kinapakiwa kwenye basi. Lakini kabla ya kuagiza soksi au cha bawaba, pima. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, na maboksi mengine yanataka kipimo cha juu na cha chini ya kiwiko pia. Msinunue kwa "midiamu" au "laji", kila kiwanda kina midiamu yake. Dada yangu aliletewa kubwa, inashuka hadi kifundoni.

Na sapoti za mtumba sokoni zivute kwanza kwa mikono miwili. Zikivutika zikakaa hivyohivyo bila kurudi, mpira umekufa, unanunua kitambaa.

Nesi Mstaafu Masasi
Niongeze hapo: ukishavaa, bonyeza ukucha uwe mweupe, achia. Wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, umebana. Na BodaChuno, soksi ya kubana inaweza kuongeza ganzi ya kidole kidogo, maana neva inapita nyuma ya kinundu cha ndani chini ya ngozi tu. Usilale nayo.

Fizio wa Kusini
Kweli kabisa. Hiyo ganzi ya alfajiri inatokana na kulala mkono umekunjwa. Kunja taulo, lizungushie kiwiko kwa mbele ufunge kwa kanga bila kukaza, mkono ushindwe kujikunja sana usiku. Hauhitaji kununua kitu. Ganzi ikianza kukaa na mchana, au ukaanza kuangusha vitu, hilo siyo la taulo tena.

Ruangwa Damu
Kwa hiyo jibu ni lipi? Nimesoma uzi wote na sapoti bado ni tatu.

Tabibu Kijana
Kwangu: apimwe ulegevu na daktari wa mifupa kabla ya kuendesha. Ukithibitika, bawaba, na pengine upasuaji.

Fizio wa Kusini
Kwangu: soksi ya kufuma mchana, taulo usiku, mazoezi kila siku, na vyuma vikae dukani.

Gereji Magomeni
Kwangu: alete pikipiki.

BodaChuno
Nimeamua hivi wakuu. Jumatatu naenda hospitali ya Ligula na ile picha ya kwanza, niombe nyingine na nimuone wa mifupa. Nitamwambia habari ya kiti, ya ufunguo na ya ganzi, nimeziandika kwenye karatasi. Hadi hapo sinunui kitu zaidi ya kutumia taulo. Fundi Magomeni nakuja kesho na pikipiki, ataendesha mdogo wangu.

Nesi Mstaafu Masasi
Safi mwanangu. Waombe wapige picha na mkono wa kushoto pia kama watakubali, inasaidia kulinganisha.

Tabibu Kijana
Hapana, ya kushoto tunafanya zaidi kwa watoto. Kwa mtu mzima inatosha wa kulia, ipigwe ya mbele na ya ubavu.

Nesi Mstaafu Masasi
Sisi tulikuwa tunapiga, na ilitusaidia.

Mwana Nachingwea
Mjomba anasema cha kwake kipo ndani hakitumiki, kama daktari ataandika cha bawaba aseme vipimo, nakipakia kwenye basi la Masasi.

Mama Kubangua
Samahani wapendwa, kwenye ile chupa: mkono usaidiwe wakati wa kupanda tu, au na wakati wa kushuka?

Fizio wa Kusini
Kupanda tu, mama. Kushuka uuache wenyewe, uhesabu taratibu hadi tano.